Mgeni Mwenye Jina la Kuazima

Mvua inanyesha, usiku umeshuka, na daktari yuko peke yake ndani ya gari. Waipa zimegoma. Katikati ya barabara amesimama mwanamke wa sari nyeupe, hana mwavuli, hana haraka. Daktari anampa lifti. Kioo kimefunikwa na maji na mwenye gari haoni hata pua ya gari lake, lakini yule abiria anamwelekeza njia, kata huku, pita kule, kama mtu anayetembea mchana kweupe. Gari linasimama mbele ya makaburi. Mwanamke anashuka na kuingia.

Ndivyo inavyoanza Woh Kaun Thi?, picha ya mwaka 1964, ambayo kwa lugha yetu ingeitwa "Alikuwa nani yule?" Mimi niliiona kwenye mkanda wa video uliochoka, picha inarukaruka, sebuleni kwa mjomba. Mke wa mjomba ndiye alikuwa mkalimani wetu. Hakujua Kihindi zaidi ya kutukanana bei na wauza vitambaa, lakini alitafsiri kila neno bila kusita, na watoto tulikaa kimya kama tuko chuoni. Baadaye sana, nilipoiona picha ile ile ikiwa na maandishi chini, niligundua kwamba nusu ya maelezo yake aliyatunga papo hapo. Nusu hiyo ndiyo niliyokuwa nikiikumbuka.

Hatukujua picha ile ni ya nani, na wala hatukuuliza. Kwetu picha ilikuwa mali ya stelingi: hii ya Dharmendra, ile ya Amitabh, ile nyingine ya yule mwenye kope za kulegea, yaani Rajesh Khanna. Mwongozaji alikuwa jina linalopita juu ya kioo wakati watu bado wanagombania mahali pa kukaa. Nadhani ndivyo ilivyokuwa pwani yote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na hata huko Bombay kwenyewe hali haikuwa tofauti sana. Ndiyo maana imenichukua miaka mingi kugundua kwamba picha nyingi nilizozipenda kwa sababu mbalimbali, moja kwa kuwa ilinitisha, nyingine kwa farasi, nyingine kwa kuwa ilimliza mama, zilitoka kwa mtu mmoja. Anaitwa Raj Khosla.

Alizaliwa Ludhiana, Punjab, tarehe 31 Mei 1925, akafia Bombay tarehe 9 Juni 1991. Katikati hapo aliongoza picha ya upelelezi, picha ya mapenzi ya usiku mmoja, picha za mizimu, picha ya mahakamani, picha ya wakwe na mawifi, picha za majambazi wa farasi, picha ya mke na hawara, na picha ya marafiki wawili wanaompenda mwanamke mmoja. Nyingi zilijaza majumba ya sinema. Lakini wanapotajwa wakubwa wa sinema ya Kihindi wanatajwa Guru Dutt, Bimal Roy, Raj Kapoor, Mehboob Khan, na Khosla anasubiri kwenye rafu ya pili. Shtaka dhidi yake ni moja: hana chake. Leo huku, kesho kule. Guru Dutt unamtambua kwa dakika moja ya mwanga na kivuli. Khosla, wanasema, ni fundi cherehani anayeshona nguo ya mteja yeyote.

Mimi napinga. Ukizitazama picha zake moja baada ya nyingine, bila kujali kama ndani yake mna bastola au mna sufuria, utakutana na mtu yule yule: mgeni anayeingia nyumba ya watu kwa jina lisilo lake. Anaketi, anapewa chai, anapendwa. Sisi watazamaji tunajua, au tunashuku, kwamba huyu siye. Na Khosla hana haraka ya kumfichua.

Pengine alimjua mgeni huyo kutokana na maisha yake mwenyewe, maana kwenye sinema aliingia kwa mlango usio wake. Alitaka kuwa mwimbaji. Alisomea muziki wa jadi wa Kihindi, akafanya kazi katika idara ya muziki ya redio ya taifa, akawa anatafuta nafasi ya kuwaimbia waigizaji. Mwigizaji Dev Anand, aliyekuwa rafiki yake, ndiye aliyempeleka kwa Guru Dutt, na Guru Dutt akamchukua kuwa msaidizi wa mwongozaji. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana wa sauti nzuri alijikuta anashika karatasi za ratiba na kupanga watu mbele ya kamera. Picha yake ya kwanza, Milap ya 1955, haikuvuma. Ya pili ilikuwa C.I.D.

C.I.D. ilitoka mwaka 1956, Guru Dutt akiwa mtayarishaji na Dev Anand akiwa inspekta Shekhar, afisa anayefuatilia mauaji ya mhariri wa gazeti. Ni picha ya Bombay ya usiku: magari meusi, majumba yenye milango ya siri, muuaji mwembamba mwenye macho ya wasiwasi ambaye ni Mehmood kabla hajawa mfalme wa vichekesho. Na ndani yake yumo Waheeda Rehman katika picha yake ya kwanza ya Kihindi, akiwa mwanamke wa upande wa adui. Inspekta anakutana naye usiku katika hali ya kutatanisha, halafu anamkuta tena akiwa mgeni mstaarabu nyumbani kwa mkuu wake wa polisi, rafiki wa binti wa nyumba. Yule yule, jina jingine, tabasamu jingine. Mgeni wetu kashafika.

Kuna wimbo mle ambao ningewaonyesha wanafunzi wote wa uongozaji kabla hawajashika kamera. Waheeda anamwimbia bosi wake, anamzungukia, anamvuta macho, na kumbe wimbo mzima ni pazia: nyuma yake inspekta anatafuta upenyo wa kutoroka. Wengi wanaozibeza picha za Kihindi hulalamika kwamba nyimbo zinasimamisha hadithi. Kwa Khosla wimbo ndio unaosukuma hadithi, na ukiuondoa, stelingi anakufa. Hili angeweza kulifanya mtu aliyetaka kuwa mwimbaji, kwa sababu kwake sauti ni kitendo, kama vile kupiga risasi au kufunga mlango.

(Waheeda na Khosla hawakupatana. Waheeda mwenyewe amesimulia namna walivyogombana kuhusu mavazi, yeye akikataa kuvaa asichotaka. Baada ya Solva Saal ya 1958 hawakufanya kazi pamoja hadi Sunny ya 1984. Miaka 26 kwa ajili ya blauzi. Mimi niko upande wa Waheeda.)

Solva Saal yenyewe ni tunda la aina nyingine kabisa: msichana anatoroka nyumbani na mpenzi wake, mpenzi anakimbia na mkufu, na mwandishi wa habari asiyemjua anakesha naye usiku kucha kutafuta mkufu huo kabla baba hajaamka. Nyepesi, ya kuchekesha, na ndani ya treni ya mjini kuna wimbo wa Hemant Kumar ambao kinanda chake cha mdomo kilipigwa na kijana R. D. Burman, mtoto wa mtunzi S. D. Burman. Mwaka huo huo Khosla akatoa Kala Pani, nzito na yenye kiza. Kijana aliyeambiwa baba yake amekufa anagundua kwamba yu hai, yuko jela Hyderabad kwa mauaji. Anakwenda kuutafuta ukweli, na njia yake ni kujifanya mpenzi na mshairi mbele ya tawaifu, mwimbaji na mchezaji wa kuwaburudisha wenye fedha, anayejua siri ile. Dev Anand alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora na Nalini Jaywant, aliyecheza kama tawaifu, akapata ya mwigizaji msaidizi. Nalini aliistahili, kwani ndiye anayeumia: anapendwa kwa uongo, na anapogundua, tayari ameshapenda kweli. Khosla anausogezea uso wake kamera na kumwacha stelingi pembeni.

Mwaka 1960 akatengeneza Bombai Ka Babu. Hiyo nitairudia.

Halafu ikaja miaka ya mwigizaji Sadhana. Kwanza Ek Musafir Ek Hasina, 1962, mapenzi ya Kashmir yenye muziki wa O. P. Nayyar, ambayo ukiitazama juujuu ni kadi ya posta, lakini stelingi ni mwanajeshi aliyepoteza kumbukumbu. Hata jina lake limempotea! Baada ya hapo zikafuatana picha tatu za mafumbo: Woh Kaun Thi? ya 1964, Mera Saaya ya 1966 na Anita ya 1967. Sadhana mmoja, nyuso zaidi ya moja. Anita naiweka pembeni, ni hila ile ile kwa mara ya tatu na chumvi imekolea. Mbili za kwanza ni mambo mengine.

Katika Woh Kaun Thi? daktari anaoa mke aliyechaguliwa na mama yake, anamfunua uso, na anakuta ni yule wa usiku wa mvua. Hebu fikiria: mke hajafanya kosa lolote. Anapika, anasubiri, anaimba. Anayetisha ni uso wake tu. Manoj Kumar, ambaye kwa kawaida hucheza kama mtu aliyemeza ubao, hapa ubao huo unamfaa, kwa sababu mume amekwisha kuganda kwa hofu ndani ya nyumba yake. Ufumbuzi unapokuja, na pacha, na urithi, na ndugu mwenye tamaa, mtazamaji anahisi amepunjwa kidogo. Khosla alikuwa hodari wa kufunga fundo kuliko kulifungua.

Na ndani ya picha hiyo upo wimbo "Lag Ja Gale", mtunzi Madan Mohan, mshairi Raja Mehdi Ali Khan, sauti Lata Mangeshkar. Inasimuliwa kwamba Khosla alipousikia mara ya kwanza aliukataa. Madan Mohan akamwomba Manoj Kumar amshawishi ausikilize tena, na aliposikiliza mara ya pili mwongozaji akataka kujipiga kiatu. Mtu aliyeota kuwa mwimbaji nusura autupe wimbo ambao leo unaimbwa kwenye harusi na mahojiano ya redio na vyumba vya karaoke kote wanakopenda sinema ya Kihindi. Kisa kingine cha picha ile ile: kwa kuwa Lata hakuweza kufika kurekodi kwa wakati, wimbo mmojawapo wa mzimu ulipigwa picha kwa sauti ya Madan Mohan mwenyewe. Yaani Sadhana alisimama pale kwenye ukungu akifumbua mdomo kwa sauti ya mwanamume. Hata jukwaani mgeni alikuwa na sauti ya kuazima.

Mera Saaya ina rangi, ina Udaipur na kasri zake juu ya maji, na ina swali gumu zaidi. Wakili, Sunil Dutt, mkewe anakufa mikononi mwake. Anamchoma kwa mila zao, anabaki na huzuni yake. Halafu polisi wanamkamata mwanamke wa genge la majambazi, na uso ni wa marehemu. Mwanamke anasema: mimi ni mkeo. Kesi inaendeshwa, wakili mwenyewe anamhoji, na mshtakiwa anajibu mambo ya chumbani ambayo mke pekee angeyajua. Sijui kama ipo picha nyingine ya Kihindi ya zama zile ambapo mwanamke anapigania jina lake mbele ya mume kwa kiasi hicho. Mume aliomboleza maiti. Maiti imerudi inadai haki. Naye anaona afadhali ile iliyonyamaza. Mwishoni inathibitika kwamba alikuwa anasema kweli na aliyekufa alikuwa pacha wake. Naam, pacha tena. Lakini safari hii fedheha ni ya mume, na Sunil Dutt anaibeba usoni bila neno.

Wimbo wa hereni iliyopotea katika soko la Bareilly unatoka humo humo. Bareilly ni mji wa kawaida wa Uttar Pradesh usio na uhusiano wowote na hadithi ya picha. Mwaka 2020 mji huo ulisimamisha mnara wa hereni kubwa kando ya barabara kuu. Sijasikia mji mwingine uliojengea mnara kipuli cha sikio.

Nyimbo hizi zilifika kwetu kabla ya majina ya walioziongoza. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu sinema Tanzania, anaeleza jinsi majumba ya Unguja na Dar es Salaam yalivyojaa watu wa kila rangi na tabaka kwa ajili ya picha za Kihindi, na jinsi mjadala wa picha ulivyoendelea barazani siku kadhaa baada ya taa kuwashwa. Mombasa ilikuwa na mwimbaji wa taarabu, marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye alichukua tuni za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili yenye mizani na vina, mpaka bibi harusi wa Kibokoni akatolewa ndani kwa tuni iliyopigwa Bombay kwa ajili ya mzimu. Wapo waliomlaumu kwa kuazima. Mimi namwona kama ndugu wa Khosla: tuni iliingia nyumba yetu kwa jina jingine, ikapewa chai.

Kwa nini alihamahama hivyo? Sababu ya kwanza ni tumbo. Sinema ya Bombay ya wakati ule haikuwa na kampuni kubwa za kumlea mwongozaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili studio za zamani zilikuwa zimeporomoka, na kila picha iliundwa upya kwa fedha za watayarishaji wadogo na malipo ya awali ya wasambazaji, ambao walinunua picha kwa jimbo. Msambazaji wa Punjab anataka farasi na mapigano, wa mjini anataka mapenzi. Stelingi ndiye dhamana. Khosla aliwafuata mastelingi kama mvuvi anavyofuata upepo: Dev Anand miaka ya 1950, Manoj Kumar na Sunil Dutt miaka ya 1960, kisha Rajesh Khanna, Dharmendra, Amitabh Bachchan. Ukipanga picha zake kwa mwaka unapata historia fupi ya sinema ya Kihindi, kutoka lami ya Bombay, kupanda milima ya Kashmir, kushuka vijijini, kurudi mjini mikono ikiwa na bunduki kubwa zaidi.

Humo zimo picha zisizoingia kwenye dai langu, na sitazilazimisha. Do Raaste ya 1969 ilifanya biashara kubwa mwaka ule ule ambao Rajesh Khanna aliwatia wasichana wazimu kwa Aradhana. Ni hadithi ya nyumba moja, kaka mkubwa mwenye moyo wa dhahabu ambaye ni Balraj Sahni, na mke wa ndugu wa kati anayeleta fitina. Bindu anaicheza fitina hiyo kwa raha isiyofichika. Anataka nyumba yake mwenyewe na pesa za mumewe, na kwa hilo picha inamhukumu bila huruma. Wakati ule mama zetu walimzomea. Leo nadhani mabinti zetu wangemwuliza wakili wa ndoa. Khosla yule aliyempa tawaifu wa Kala Pani uso na heshima, hapa amempa mkwe pembe mbili na mkia.

Miaka miwili baadaye alifanya kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoibiwa zaidi katika sinema ya Kihindi. Mera Gaon Mera Desh, 1971. Mwizi mdogo wa mjini, Dharmendra, anatoka jela na kuchukuliwa na askari mstaafu aliyepoteza mkono, ambaye anamleta kijijini kwake. Kijiji kinasumbuliwa na jambazi aitwaye Jabbar Singh. Jambazi huyo ni Vinod Khanna, kijana, mrefu, macho makali, mweusi kwa nguo na kwa nia, na kila anapoingia kwenye picha Dharmendra anaonekana kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Kuna wakati stelingi amekamatwa, na Laxmi Chhaya, mwanamke wa genge, anacheza na kuimba mbele ya jambazi akijadili kama mfungwa auawe au aachwe. Wimbo tena ndio unaoshikilia roho ya mtu.

Miaka minne baadaye, tarehe 15 Agosti 1975, ilitoka Sholay ya Ramesh Sippy. Wahalifu wanaoletwa kijijini na mzee aliyewahi kutumikia sheria. Mzee hana mikono. Mmoja wa wahalifu ni Dharmendra. Jambazi anaitwa Gabbar Singh. Mwanamke anacheza mbele ya jambazi huku mpenzi wake amefungwa kamba. Sisemi Sholay si picha kubwa. Ni kubwa, na ilichota kutoka Japani na Marekani pia. Nasema tu kwamba Jabbar na Gabbar ni majirani, na tena kuna jambo ambalo mtunzi wa riwaya asingethubutu kulibuni: mzee wa mkono mmoja katika picha ya Khosla alikuwa mwigizaji Jayant, na aliyecheza Gabbar, Amjad Khan, ni mwanawe wa kumzaa.

Khosla hakuonekana kuhangaika na hilo. Mwaka huo huo wa Sholay yeye alikuwa ndani ya chumba kidogo, anatengeneza Prem Kahani. Ni mwaka 1942, vuguvugu la kuwaambia Waingereza waondoke limepamba moto. Mpigania uhuru anayetafutwa, Rajesh Khanna, anakimbilia nyumbani kwa rafiki yake wa zamani, Shashi Kapoor, ambaye ni afisa wa polisi. Anapofunguliwa mlango anakutana na mke wa rafiki: Mumtaz, mwanamke aliyempenda na kumwacha. Wanasalimiana kama wasiofahamiana. Picha nzima inaishi ndani ya uongo huo wa heshima, meza moja, watu watatu, chakula kinapoa. Ukinilazimisha kuchagua nusu saa moja ya kumtetea Khosla nayo, ni hii, na nitavumilia hata hotuba za uzalendo zinazoizunguka.

Baada ya hapo, mwaka 1978, Main Tulsi Tere Aangan Ki. Tulsi ni mmea wa jamii ya mrehani unaopandwa kwenye ua wa nyumba ya Kihindu na kuabudiwa kila asubuhi. Uko ndani ya uzio lakini nje ya mlango. Khosla amempa jina hilo tawaifu, Asha Parekh, anayependwa na bwana mkubwa wa shamba ambaye familia imemwoza mwanamke mwingine. Tulsi anajiua ili mume arudi kwa mkewe. Mke, Nutan, anamchukua mtoto wa marehemu amlee, na mtoto anakua, tena kwa sura ya Vinod Khanna, katika nyumba ambayo hana jina ndani yake. Kule kujiua kwa Tulsi sikupendi; sinema ya Kihindi imewaua hawara wengi mno ili wake walale usingizi. Lakini baada ya hapo picha inamhusu Nutan, mwanamke aliyerithi kutoka kwa mshindani wake mtoto na deni, na namna anavyolilipa deni hilo bila kulitaja mbele ya watu inatosha kusamehe mengi. Picha ilipata tuzo ya Filmfare ya picha bora, na Nutan ya mwigizaji bora wa kike.

Ushindi wa mwisho ulikuwa Dostana, 1980. Waandishi Salim na Javed, wale wale wa Sholay, ndio walioandika. Mtayarishaji Yash Johar alikuwa anaanza. Inspekta Amitabh anakamata wahalifu, wakili Shatrughan Sinha anawatoa kwa dhamana, jioni wanakaa pamoja kama ndugu. Kisha akatokea Zeenat Aman. Ni picha ya stelingi wawili na sauti mbili nzito, na Khosla anaongoza kwa mkono mwepesi wa mzee aliyeona mengi. Hapa hakuna jina la kuazima. Ila mwaka 2008 kampuni ya Johar, sasa ikiwa chini ya mwanawe, ilitoa picha nyingine kwa jina hilo hilo la Dostana, kuhusu vijana wawili wanaojifanya wapenzi ili wapangishwe chumba. Nilicheka peke yangu. Mgeni alikuwa amerudi bila kuitwa.

Miaka ya 1980 haikumtendea wema. Picha zilifuatana, majina makubwa hayakukosekana, lakini mkono ulikuwa umechoka na pombe ilikuwa imeingia kati. Naqab ya 1989 ilikuwa ya mwisho. Mmoja wa waliowahi kuwa wasaidizi wake, Mahesh Bhatt, wakati huo alikuwa tayari ni mwongozaji mwenye jina.

Nilisema nitairudia Bombai Ka Babu. Dev Anand ni mwizi anayekimbia Bombay baada ya kumwua mtu bila kukusudia. Anafika mji wa milimani, na huko mlaghai mmoja anamlazimisha ajifanye mtoto wa kiume wa tajiri, aliyepotea akiwa mdogo, ili wachote mali. Mama anamkumbatia. Baba anampa funguo. Na yupo binti wa nyumba, Suchitra Sen, anayemwita kaka, na mwizi anampenda. Kisha anagundua kwamba yule aliyemwua Bombay ndiye mtoto mwenyewe aliyepotea. Watazamaji wa 1960 hawakujua waiweke wapi: stelingi wao, kipenzi cha wasichana, anamtamani mtu ambaye nyumba nzima inaamini ni dada yake. Haikupokewa vizuri.

Mwizi hawezi kusema anampenda binti bila kusema yeye ni nani, na akisema yeye ni nani, atakuwa amewaua watoto wawili wa wazee wale kwa siku moja, yule aliyekufa na yule waliyempata. Kwa hiyo anafanya kazi ya kaka. Harusi inapangwa, mlango unapambwa, bibi harusi anaingizwa kwenye machela, na sauti ya Mukesh inaanza kutoka mahali tusipopaona, maana pale uani hakuna anayefungua mdomo. Wapagazi wanainua. Dev Anand anatembea kando ya machela, amevaa vizuri, mkono wake uko karibu na pazia.